Mrehani wa Kikuba Hautaki Kivuli cha Mndimu

Mabiarusi hutuuliza mapema habari za hina na piko, lakini mrehani wa kikuba hukumbukwa wiki ya harusi, na wa kununua sokoni asubuhi hufika nyumbani umeshanyong'onyea. Asumini si kazi, unachomeka tawi. Mrehani, ambao jina lake limo katika Surat Ar-Rahman, tunauanza kwa mbegu, na mbegu ndogo zina mambo yake.

Uwani kwetu tuliatika mbegu za mti mmoja pahala pawili, karibu na ukuta na chini ya mndimu. Maji yale yale. Za ukutani ziliota ndani ya wiki. Za chini ya mndimu zilikaa kimya mpaka tulipopunguza matawi.

Joto la udongo lina sehemu yake, lakini majani nayo yana hila. Jani bichi hujilisha kwa mwanga mwekundu, likaachia upite mwekundu wa mbali ambao macho yetu hayauoni vizuri. Mwaka 1952 watafiti wa Beltsville, Marekani, mmoja wao mwanamke, Vivian Toole, walimulika mbegu za saladi zilizolowa kwa mianga hiyo miwili, kwa kupokezana. Mwekundu ukiwa wa mwisho, mbegu ziliota. Ukimaliza mwekundu wa mbali, nyingi zililala.

Kulala huko si kufa. Mbegu ndogo ina akiba kidogo mno. Ikichipua chini ya mti mkubwa itaishiwa nguvu kabla ya kulifikia jua. Basi inangoja jirani aondoke. (Kunde hazina shida hiyo, zina chakula chao.) Ndiyo maana pia ukilima tu, magugu yanazuka kama yaliyoitwa: jembe limezitoa mbegu zake kwenye mwanga.

Kwa hiyo usizifukie mbegu za mrehani. Nyunyizia udongo mwembamba juu, basi. Jua likiwa kali, kivuli cha ukuta au shuka jeupe ni bora kuliko cha mti, kwa sababu hupunguza ukali bila kuchuja wekundu. Miche ikisimama, ihamishie kwenye jua.

Anayeolewa Mfungo Mosi aatike Rajabu inapoandama. Miezi mitatu inatosha mrehani kutoa na maua, na biarusi akavishwa kikuba kilichochumwa alfajiri ile ile.