Mererani kwa tochi ya urujuanimno

Tochi za mwanga wa zambarau zimejaa madukani Moshi. Wafanyabiashara wanakagulia noti, na ukiulizia utapewa ya bei nafuu iliyoandikwa nanomita 395. Kwa noti inatosha. Mimi nilitaka ya kuangalia mawe yanayowaka chini ya mionzi ya urujuanimno, ndiyo maana nilipokwenda Mererani mara ya kwanza nilibeba mbili: hiyo ya 395, na nyingine ya nanomita 365 yenye kioo cheusi mbele, niliyoagiza kutoka nje.

Shemeji yangu ni broka mwenye leseni, naye ndiye aliyenialika. Tulipanda Kosta ya Arusha, tukapita Bomang'ombe, tukashuka njiapanda ya KIA na kupata usafiri mwingine wa kuelekea kusini. Mimi ni mtu wa Kibosho, nimezoea migomba na mikahawa. Huko ilikuwa mbuga kavu, migunga na mbuzi, na kila nikigeuka Kibo ilikuwa mgongoni mwetu.

Machimbo yenyewe ya tanzanite yako ndani ya ukuta wa kilomita 24.5 uliozinduliwa Aprili 2018, na huingii bila kibali. Shughuli yetu ilikuwa nje, mjini, kwa mabroka. Shemeji aliomba chumba cha nyuma kwa rafiki yake, tukaziba dirisha kwa kitenge. Mwenye chumba, mzee aliyewahi kuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa humo machimboni, akamwaga mawe yake juu ya meza: tanzanite mbichi, tsavorite iliyokoza, ganeti ya kijani mpauko inayotoka humo humo Mererani, na bonge la jiwe la Longido, lile la kijani lenye rubi ndani yake.

Nikawasha ya 395 kwanza. Chumba kizima kikawa zambarau: meza, vidole, mawe yote. Rubi peke yake ndiyo iliyojitokeza, nyekundu, kwa kuwa kromiamu iliyomo huitikia mwanga huo kwa nguvu. Mengine huwezi kusema yanawaka au yanaakisi tu mwanga wa tochi.

Ya 365 ilipowaka, mzee alidhani imeharibika. Kioo kile cheusi huzuia mwanga wa zambarau unaoonekana na kupitisha mionzi tu, kwa hiyo meza ilibaki giza. Kilichong'aa ni shati langu, buluu kali, kwa dawa ya kung'arisha iliyomo kwenye sabuni ya unga. Nikalifunika kwa koti. Tanzanite haikutoa chochote, na ndivyo ilivyo kawaida yake. Tsavorite nayo kimya. Halafu kwenye kona ya meza ile ganeti mpauko ikaanza kuonekana, rangi ya chungwa hafifu sana, kama kaa linaloanza kushika moto. Mzee akaisogeza karibu na jicho, akaigeuza taratibu. Amekaa na mawe hayo miaka mingi na hakuwahi kuliona hilo. Mwanga mdogo namna ile ndio unaomezwa na tochi za kukagulia noti, na kwangu mimi ndio hasa unaostahili kutafutwa.

"Mangi, kwa hiyo hii inatambua feki?" akaniuliza.

Nilimjibu kwa uangalifu, maana hapo kuna fedha za watu. Rubi ya kutengenezwa kiwandani mara nyingi huwaka kuliko ya ardhini, kwa sababu haina chuma cha kuufifisha mwanga wake. Anayenunua kwa kuangalia wekundu peke yake anaweza kulipia jiwe la maabara. Tochi inakupa dalili moja. Vipimo vingine vinabaki pale pale.

Giza lilipoingia alitutoa nje, kwenye rundo la mawe nyuma ya nyumba. Alikuwa amesikia kwamba nge huwaka. Tukamulika, na wa kwanza alikuwa amejibana ufani, kijani cha kung'aa kuanzia magando hadi mwiba. Mwanga huo unatoka kwenye gamba. Nge aliyetoka kujivua huwa hawaki mpaka gamba jipya likomae. Tulivaa viatu vya kufunika mguu na hatukuingiza mkono popote.

Kabla hatujaagana mzee alitaka maelekezo ya kununua yake. Akayaandika nyuma ya daftari la mauzo: nanomita 365, isiwe 395, kioo cheusi cha kuchuja, maana hata ya 365 bila hicho huvujisha zambarau, betri ya kuchaji inayotolewa, na miwani ya polikaboneti, kwa kuwa mionzi hiyo jicho haliioni na hivyo halijui kujikinga. Miwani aliipigia mstari mara mbili, kisha akamwambia shemeji aongeze na ya wajukuu wake.