Kuhama Kivinjari

Kuhama ni jambo zito kwa binadamu. Mtu aweza kuvumilia paa linalovuja kwa miaka kumi kwa sababu tu amekwisha zoea mahali pa kuweka ndoo. Akiulizwa kwa nini haezeki upya, atajibu kwamba mvua si nyingi mwaka huu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha Kiswahili na kuwahimiza vijana waache mazoea mabaya ya uandishi, nilikaa muda mrefu na zoea baya kuliko yote niliyowakataza. Habari yake nataka kuieleza hapa. Hainipi sifa, lakini yaweza kumwokoa mwenzangu mmoja na aibu iliyonipata.

Nakaa Buhongwa, kusini ya jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Usagara na Shinyanga. Kompyuta yangu ya siku zile ilikaa juu ya meza karibu na dirisha, na jioni niliandika huku nikisikia honi za daladala na sauti za akina mama wakaangao sato barabarani. Ilikuwa mashine ya zamani, yenye mfumo wa Windows 7, mfumo ambao Microsoft waliacha kuutunza kwa watu wote tarehe 14 Januari 2020. Kivinjari nilichokitumia humo sikitaji jina, maana kosa lilikuwa langu wala si lake. Kilinionya mara kwa mara kwamba hakitapata tena masahihisho ya usalama katika mashine ya namna ile. Kila kilipoonya, nilibonyeza mahali pa kufunga onyo, kama mtu afukuzaye nzi. Tena nilikuwa nimekikabidhi maneno yangu yote ya siri kikumbuke kwa niaba yangu, na nilikuwa nimekibandika programu ndogondogo za nyongeza, moja ya kugeuza nyaraka, nyingine ya kupakua picha, bila kuuliza zimetungwa na nani.

Siku moja ya mwaka 2023 alinipigia simu mtu niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari upande wa Sengerema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Njema. Nilitaka kujua tu kama ule mchango umefika."

Nikamwuliza mchango gani. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza. Siku tatu kabla ya hapo alipata baruapepe kutoka katika anwani yangu, ikimwomba shilingi 180,000 kwa uchapaji wa mkusanyiko wa hadithi za wazee, nami ningemrudishia mwisho wa mwezi. Namba ya kupelekea fedha ilikuwa ya mtu aliyeitwa mchapaji. Hakusita. Alituma.

Nikamwambia kwamba sikuandika barua hiyo. Alipokwisha kunielewa, alisema neno ambalo halijatoka moyoni mwangu hata leo: "Lakini, Mwalimu, ilikuwa sauti yako."

Akanirudishia barua ile niisome. Naam, ilikuwa sauti yangu. Ilianza kwa salamu ninayoianza mimi, ikauliza habari za shule na za wazazi kwa utaratibu ninaouliza mimi, na katika kuomba ikatumia msemo ninaoupenda wa "kama nafasi yaruhusu". Mwizi alikuwa amekaa ndani ya barua zangu za zamani, akazisoma kwa makini kuliko wanafunzi wangu wengi wanavyosoma vitabu nilivyowapa, kisha akaandika insha yake. Na insha ile ilifaulu. Nimetumia nusu ya umri wangu kuwaambia vijana kwamba mtindo wa mwandishi ni sura yake, hauwezi kuazimwa. Siku ile niliiona sura yangu imevaliwa na mtu mwingine, naye amekwenda nayo kuomba fedha.

Tulitoa taarifa polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahesabu kujifanya mtu mwingine kuwa jinai. Lakini swali lililonisumbua halikuwa la polisi. Lilikuwa hili: alipitia wapi? Kijana mmoja fundi aliitazama mashine yangu, akatikisa kichwa. Alisema mlango ulikuwa mmojawapo wa mitatu: kivinjari kisichosahihishwa, nyongeza nilizozibandika, au maneno ya siri yaliyowekwa pasipo kifuniko, ambayo mtu yeyote au programu yoyote mbaya iliyoingia katika mashine ingeweza kuyachota. Hakuweza kuapa kuwa ni upi, nami siwezi. Nyumba yenye milango mitatu iliyo wazi haina haja ya kubishania mwizi aliingilia upande gani.

Hapo ndipo nilipolitazama tena neno lenyewe, kwa desturi ya kazi yangu. Kivinjari chatokana na kitenzi cha zamani, kuvinjari, ambacho kamusi zetu zakieleza kuwa ni kuzungukazunguka huku na huku, hasa kwa chombo baharini, kwa ajili ya kulinda au kupeleleza. Waliolichagua neno hili kwa chombo cha kutembelea mitandao walichagua vema kuliko walivyodhani. Kwa maana chombo kinachovinjari chaweza kumlinda mwenyewe, na chaweza kumpeleleza. Kila tovuti tunayoifungua huacha ndani ya kivinjari vipande vidogo vya kumbukumbu, viitwavyo vidakuzi. Vingine vyafaa, maana hutukumbusha kwamba tumekwisha ingia. Vingine huwekwa na watu wa tatu ambao hatukuwatembelea, navyo hutufuata kutoka tovuti hadi tovuti, vikiandika tulichosoma na tulichotaka kununua.

Basi nikahama. Nilichagua Firefox ya shirika la Mozilla, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Novemba 2004. Sababu zangu zilikuwa tatu. Kwanza, toleo la 115 la Julai 2023 lilikuwa limeachwa makusudi liendelee kupata masahihisho ya usalama kwa sisi wenye mashine kuukuu, hata nilipopata uwezo wa kununua mashine nyingine. Pili, tangu Septemba 2019 kivinjari hiki huzuia vidakuzi vya wafuatiliaji wanaojulikana bila kuombwa, na tangu Juni 2022 huitengea kila tovuti chungu chake, isichovye katika chungu cha jirani. Tatu, huruhusu maneno ya siri yaliyohifadhiwa yafungwe kwa neno moja kuu, ambalo asiyelijua hayaoni mengine. Nilifuta nyongeza zote, nikabadili kila neno la siri, na katika baruapepe nikaweka ulinzi wa hatua mbili, ili anayelijua neno langu asiweze kuingia bila simu yangu.

Msomaji asidhani nauza hirizi. Vipo vivinjari vingine vinavyotunzwa vizuri, na vingi miongoni mwao, kama vile Chrome, Edge na Opera, vimejengwa juu ya msingi mmoja uitwao Chromium, nao husahihishwa upesi kasoro ikionekana. Wala hakuna kivinjari kinachomwokoa mtu aliyedhamiria kudanganyika. Watu wengi walifundishwa kwamba alama ya kufuli kando ya anwani ni dhamana ya uaminifu. Sivyo. Kufuli lile lilimaanisha tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti yamefumbwa, asiyasikie mpita njia. Halikusema kitu juu ya tabia ya unayezungumza naye. Mwizi naye aweza kuwa na kufuli. Kwa sababu hiyo, Septemba 2023, Chrome iliiondoa alama ile na kuweka nyingine isiyoahidi mambo makubwa.

Sisi wakazi wa ufuko wa Ziwa twapaswa kuelewa mambo haya mapema kuliko wengine. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na mamia walipotea. Sithubutu kulinganisha shilingi na roho za watu. Nasema tu kwamba mtu wa Mwanza amekwisha fundishwa, kwa gharama isiyolipika, kwamba chombo hakiwi salama kwa sababu kilifika jana.

Yule mwalimu wa Sengerema nilimpelekea fedha zake. Akazikataa, akisema mwalimu hamlipi mwanafunzi. Nikamwambia kwamba simlipi mwanafunzi, namlipa mtu aliyeibiwa kwa sura yangu, na kwamba akizikataa atanifanya mshirika wa mwizi. Akazipokea. Siku zile alivuka Busisi kwa kivuko. Sasa, tangu Juni 2025, hupita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, na safari yake ya kuja Buhongwa imekuwa fupi.

Tumewekeana sharti moja. Yeyote kati yetu akiandika kuomba kitu, mwenziwe atapiga simu kwanza. Mwezi uliopita niliandika kumwomba aniazime kitabu. Baada ya dakika chache simu ikalia.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni wewe?"

Nikafurahi kuulizwa.