Kumbukumbu na Hifadhi

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wenye kompyuta huyachanganya kila siku. Kumbukumbu ni kile ambacho akili hukishika wakati inafanya kazi, na ni pia zile karatasi za mkutano zinazofungiwa kabatini. Hifadhi ni mahali pa kuweka kitu kisiharibike, na mkoani Kigoma neno hilo humpeleka msikilizaji kwenye msitu wa Gombe kabla ya jambo jingine lolote. Mafundi, kwa kutaka wepesi, vyote viwili huviita memori. Hapo ndipo tabu inapoanzia, kwani mwenye fedha ya kununua kitu kimoja hana budi kujua ni kipi anachokinunua.

Tabu hiyo ilimfika mwanamke mmoja wa Kibirizi mwenye duka dogo la stesheneri. Kibirizi ipo kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Hapo hupakia boti za mbao ziendazo vijiji vya mwambao wa kaskazini, na hapo hushushwa dagaa waliovuliwa usiku kwa taa. Kazi ya dukani ni kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti na kujaza fomu za mtandaoni kwa niaba ya wasio na mashine. Yote hayo hufanywa na kompyuta mpakato moja, kuukuu, yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Diski imekaribia kujaa, na mashine imekuwa nzito kiasi kwamba abiria husikia honi ya boti ilhali fomu yake haijafunguka.

Fundi aliyeitwa alimweleza kwa mfano wa hapo hapo mwaloni. “Dada, RAM ni chanja ya kuanikia, diski ni ghala. Chanja ikiwa ndogo, hata ukijenga maghala matatu, dagaa hawatakauka upesi. Na mvua ikinyesha, walio chanjani ndio wanaoharibika, walio ghalani wamesalimika.” Mvua aliyoikusudia ni umeme kukatika katika mashine ambayo betri yake imekufa: kila kilichokuwa kwenye RAM hupotea papo hapo, na kilichokwisha andikwa kwenye diski hubaki.

Mfano huo ni sahihi, na hesabu inauunga mkono. RAM ikijaa, kompyuta haikatai kazi. Huazima sehemu ya diski na kuifanya chanja ya muda. Lakini diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika huhitaji takriban milisekunde 10 kukifikia kitu inachokitafuta, na RAM huhitaji kama nanosekunde 100. Tofauti yake ni mara laki moja. Ndiyo maana mashine iliyojaa haipungui mwendo kidogo kidogo, bali husimama kama iliyopigwa na butwaa. Fundi alifungua kazi zote za siku ya kawaida kwa pamoja, akamwonyesha kipimo: katika gigabaiti 4, zilizotumika zilikuwa 3.7. Akaongeza kwamba yapo mambo mawili ya kuangaliwa kabla ya kutoa fedha, yaani kama mashine ina nafasi ya kuchomeka RAM nyingine, kwa kuwa nyingine RAM yake huungwa moja kwa moja kwenye bodi. Na ni RAM ya aina gani, kwa kuwa DDR3 na DDR4 haziingiliani. Ya tatu aliitaja bila kuisisitiza: diski isiyozunguka, SSD, ingeupunguza sana usumbufu huo wa kuazima, ila ile iliyokuwa ndani ya uwezo wa dada ilikuwa ya gigabaiti 256, ndogo kuliko aliyonayo.

Kwa mizani ya foleni, basi, jawabu lilikuwa RAM. Mteja hulipia dakika zake, na mashine nyepesi huhudumia wengi kabla boti haijang'oa nanga. Wala fedha haikuwa ya kuchezea, maana mwezi ulikuwa mpevu. Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliki vyema kwa taa, wavuvi hupumzika, na uchache wa fedha mwaloni hufika hadi kwenye duka la kopi.

Lakini dada alikuwa na hoja ambayo kipimo cha fundi hakikuionyesha. Katika diski ile zilikuwamo karatasi za watu wa miaka mingi: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, mikataba ya viwanja, wosia. Hakuna aliyemwomba azitunze. Zilibaki tu baada ya kutolewa kopi. Wakati mmoja baba mmoja alishuka botini na bahasha iliyolowa maji, na ndani yake cheti cha kidato cha nne cha mwanawe kimegeuka uji. Nakala ilipatikana dukani. Haikuwa cheti, ila ilikuwa na namba, na mwenye namba ana pa kuanzia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa baba yule mali ilikuwa ni daftari lenyewe.

Kibirizi haihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi wa jambo hili. Boti ziondokazo hapo hupita Gombe, ambako Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alianza kuwachunguza sokwe Julai 1960. Kazi ya kila siku ya kuwafuata sokwe na kuandika waliyoyatenda ilikuja kushikwa na Watanzania, wengi wao wakiandika kwa Kiswahili. Januari 1974 Hilali Matama alimwona sokwe aitwaye Godi akishambuliwa na madume wa kundi la Kasakela. Alichokiona alikishika kichwani, kisha kikaandikwa. Na lililoandikwa likawa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba sokwe nao huendeshana vita. Mei 1975 watafiti vijana wanne walipotekwa kutoka Gombe, wageni waliondoka, na wenyeji wakaendelea kuandika. Kumbukumbu zisizokatika ndizo zinazoipa Gombe heshima yake duniani, na mwandishi wa siku yoyote ile hakujua ni mstari gani utakaokuja kuulizwa.

Hata hivyo Gombe inafundisha upande wa pili pia. Madaftari yale hayakurundikwa. Yaliandikwa tarehe, jina la sokwe na jina la mwandishi, ndiyo maana yalitafutika. Karatasi za dukani zilikuwa rundo. Tena sokwe haombwi ruhusa, ila binadamu huombwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu ya kuzishika na asizishike kupita haja. Wosia wa mtu ukikaa katika mashine ya duka bila yeye kujua, hautofautiani sana na barua iliyosahauliwa juu ya meza ya kahawa. Aliyeona mashine ina kiu ya nafasi hakukosea, ila kiu nyingine huletwa na kula chumvi.

Dada hakununua RAM, wala hakununua SSD. Alinunua diski ya nje, ya kuchomekwa na kuchomolewa. Sababu yake aliieleza kwa ufupi: uzito wa mashine humwambia kila siku kwamba upo, lakini diski kongwe haitoi taarifa siku ya kufa kwake. Foleni inaweza kusubiri giza la mwezi ujao. Karatasi ambayo nakala yake ni moja haiwezi. Gharama ya uamuzi huo aliiona mapema, kwani wapo wateja waliochoka kungoja wakavuka barabara kwenda kwa jirani, na hawakurudi wote.

Kisha akaanza kuuliza. Kila kopi inapotoka humwuliza mwenyewe, “Nikuhifadhie au nifute?” na jibu huliandika katika daftari la karatasi, kwa tarehe na jina. Wengi husema futa, hata kuliko alivyodhani, na diski iliyokuwa ikilalamika imeanza kupata nafasi bila kuongezwa kitu. Wanaosema niwekee ni wachache, na nakala zao hukaa mahali pawili, ndani ya mashine na katika diski iliyofungiwa sandukuni. Bibi mmoja, akiikunja hati ya kiwanja chake ndani ya kanga, hakuhitaji maelezo marefu. “Niwekee, mwanangu,” alisema. “Mimi nasafiri kwa maji.”