Muscat: Wiki Moja Iliyotubadilisha

Wengi wetu tukisikia "safari ya nje" akili inakimbilia London au Dubai: maduka, maghorofa na picha za kuringishia ofisini. Sio mbaya. Ila safari inayokubadilisha ni ile inayokuuliza maswali ambayo nyumbani huna muda nayo.

Mimi na mume wangu tulibishana mwezi mzima. Yeye alitaka akiba yetu yote iende kwenye kiwanja, mimi nikataka sehemu yake itupeleke Oman. "Kiwanja hakihami, lakini bei inapanda," alisema. Alikuwa na hoja. Mwishowe tuligawa akiba, tukapanda ndege.

Muscat si Dubai. Majengo mengi ni meupe na mafupi, katikati ya bahari na milima ya mawe matupu. Nenda soko la Mutrah jioni, maduka yanapofunguliwa tena baada ya mapumziko ya mchana. Unapita kwenye moshi wa ubani, mara unasikia nyuma yako: "Karibu mwanangu, onja halua!" Kiswahili! Tena cha Unguja, kitamu kuliko changu mimi wa Dar.

Historia yenyewe tuliisoma shuleni. Seyyid Said alihamishia makao yake Zanzibar karne ya 19. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wakakimbia. Na Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970, akawaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Darasani lilikuwa swali la mtihani. Muscat likawa bibi mmoja aliyetukaribisha kwake, akamimina kahawa, akasogeza tende, kisha akamuuliza mume wangu, mzaliwa wa Unguja: "Huko nyumbani mvua zimenyesha?"

Nyumbani! Anaishi kwenye nyumba nzuri, kiyoyozi kila chumba, wajukuu wamejaa. Mwanawe, aliyezaliwa Muscat, akacheka: "Mama, nyumbani si hapa?" Bibi hakujibu. Alimwongezea mgeni kahawa tu.

Tangu siku ile maneno "mgeni" na "mwenyeji" hayanitoki mdomoni kirahisi. Mtu anaweza kuwa vyote viwili, tena sebuleni kwake mwenyewe.

Na mume wangu? Kwenye ndege ya kurudi alikaa kimya, kisha akasema: "Kiwanja tutanunua. Ila kwanza tukubaliane tunataka kuishi vipi humo ndani." Miaka mitano ya ndoa, mazungumzo hayo hatukuwahi kuyafanya. Tumeyafanya angani.

Kwa hiyo msomaji, kabla wewe na mwenzako hamjamaliza akiba yote kwenye saruji na mabati, tengeni kidogo ya nauli. Si lazima iwe Oman. Nendeni mahali ambapo mtu atawauliza kwenu ni wapi, na jibu lisije haraka.