Kipupwe Mjini Njombe

Miezi ya Juni na Julai ni miezi ya baridi katika Tanzania. Upepo wa kusi unavuma. Watu wa pwani huuita wakati huu kipupwe. Kwao ni raha, maana joto limepungua. Lakini Njombe ni jambo jingine. Mji huu uko juu milimani, karibu meta 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Fika Njombe alfajiri. Ukungu umefunika mji. Watu wanapita na makoti mazito na kofia za sufu. Kila anayeamkia mwenzake anatoa mvuke kinywani kama birika. Jua likipanda, ukungu unainuka polepole kutoka mabondeni. Vilima vinatokea kimoja kimoja. Mimi naona hakuna mji unaoamka vizuri kama huu. Watu wa Bukoba watabisha.

Saa sita mchana simama juani, utazame kivuli chako. Kimelala upande wa kusini, maana mwezi wa Juni jua liko kaskazini yetu. Mwezi wa Desemba kitalala upande wa kaskazini.

Usiku mbingu ni safi na nyota ni nyingi mno. Usiku huo mzuri ndio wenye hatari. Mawingu ni kama blanketi la ardhi. Yasipokuwepo, joto la ardhi hupotea angani. Hewa ya baridi ni nzito, nayo huteremka bondeni. Asubuhi umande umeganda. Majani ni meupe, yanameta kama yamenyunyiziwa chumvi. Mpita njia hufurahi. Mwenye kinyungu bondeni hafurahi. Majani ya viazi na maharage hunyauka na kuwa meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto.

Kabichi huvumilia zaidi. Kwa hiyo wakati wa baridi ni afadhali kabichi ikae chini bondeni. Viazi na maharage vikae juu kidogo, kwenye mteremko. Miche michanga ifunikwe kwa nyasi kavu jioni. Ifunuliwe jua likitoka.

Jioni watu huota moto wa mkaa. Ni vizuri, lakini jiko lisiingizwe chumba cha kulala. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hewa hiyo huua watu wakiwa usingizini.

Mwezi wa Septemba baridi hupungua. Miti ya miombo hutoa majani mapya mekundu, hata kabla ya mvua kunyesha. Hapo unaweza kuweka koti lako sandukuni.