Ndoo Mbili Kabla ya Mbio

Watu wengi hudhani kwamba mbio huanza pale ishara inapotolewa na wakimbiaji wakatimua vumbi. Mimi nami nilidhani hivyo. Leo, ndugu msomaji, napenda kueleza jinsi kilomita 21 nilizokimbia mjini Moshi mwezi Februari 2025 zilivyoanzia nyumbani kwangu Kigera, hapa Musoma, na jinsi zilivyokaribia kuivunja amani ya nyumba hiyo.

Sikuwa natafuta sifa. Baba yangu alifariki kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 51. Nami, nilipofikisha miaka 46, nilipimwa shinikizo la damu, likaonekana ni 152 kwa 96. Mganga alinipa dawa, akaniagiza nipunguze chumvi na niutumikishe mwili, kwani kazi yangu ya utunzaji wa ghala ni ya kukaa kitini kutwa nzima. Nilirudi nyumbani, nikawatazama wanangu watatu, nikahesabu: ilibaki miaka mitano tu kuufikia umri wa baba.

Nilianza kwa kutembea. Miezi kadhaa baadaye, mganga aliporidhika, nikaamua kushiriki nusu marathoni ya Kilimanjaro. Oktoba 2024 nikaanza mazoezi ya majuma 18.

Siku za kwanza nilikimbia dakika mbili na kutembea dakika mbili, alfajiri, kwenye barabara ya kuelekea ziwani, wakati wavuvi wa dagaa wanaporejea na taa zao. Juma la tatu majivuno yakanishika. Vijana wa bodaboda waliucheka mwendo wangu wa kobe, nami, ili kuwaonyesha, nikakimbia kilomita 12 kwa pupa. Kesho yake muundi wa mguu uliniuma hata kushuka kitandani kukawa taabu. Nililazimika kupumzika siku kumi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba moyo na mapafu huzoea upesi, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Tangu siku hiyo nilikimbia mara tatu tu kwa juma, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza bila kuhema. Mbio ndefu ya Jumapili niliiongeza kilomita moja moja, na kila juma la nne niliipunguza ili mwili upate kujijenga.

Lakini jambo gumu zaidi halikuwa muundi. Mke wangu ni mwuza dagaa. Hutoka alfajiri kwenda mwaloni ili awahi mitumbwi inapotia nanga. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikichota maji na kuwaandaa watoto kwenda shule. Nilipoanza mbio, kazi hizo zilimwangukia yeye, wala sikumwomba, niliondoka tu. Alivumilia majuma matano bila neno. Siku moja alichelewa mwaloni, akarudi na beseni tupu. Aliniambia taratibu:

"Baba watoto, mimi huenda mwaloni kwa miguu kila siku, beseni kichwani, na sijapata kupewa medali. Wewe wakimbia ili usituache kama baba yako alivyokuacha. Ni vema. Lakini kila alfajiri umekwisha kutuacha."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikiiokoa nafsi yangu kwa jasho la mwenzangu.

Usiku ule tulikaa tukapanga upya. Nikaanza kuamka saa kumi na nusu. Kwanza ndoo mbili za maji, kisha uji wa watoto, ndipo nivae raba zangu. Binti yetu mkubwa akakubali kuwaangalia wadogo zake hadi nirudi. Siku ambayo kazi za nyumba hazikuisha, sikukimbia.

Sisi wa Mara tunajua habari za safari ndefu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Hata yeye hakutembea peke yake. Wananchi waliungana naye njiani.

Siku ya mbio ikafika. Njia ya Moshi hupanda kutoka mjini kuelekea Mweka, katikati ya migomba na mibuni, kisha huteremka. Nilipanda polepole kama nilivyojizoeza, na wengi walionipita mwanzoni niliwakuta wakitembea. Msiba wangu ulikuwa kwenye mteremko. Karibu na kilomita ya 17 goti la kulia likakaza, ikanibidi nitembee. Nikamkumbuka John Stephen Akhwari, ambaye baba alipenda kutusimulia habari zake. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, alianguka akaumia goti, lakini akaendelea, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Mimi sikutumwa na nchi. Nilitumwa na nyumba moja ya Kigera. Nilitembea hadi goti likalegea, nikakimbia tena pole pole, nikamaliza kwa saa 2 na dakika 34.

Niliporudi nilimvisha mke wangu medali. Alicheka, akaivua, akaitundika msumarini kando ya beseni lake. Nilipokwenda kupimwa, shinikizo lilikuwa 134 kwa 84. Dawa naendelea kumeza, maana mganga hajaniambia niache, na sijui kama nitaupita umri wa baba. Najua tu kwamba nyumbani kwangu sasa hakuna anayeachwa alfajiri.

Basi, ndugu mfanyakazi unayetaka kuanza, kapime afya yako kwanza, tena ongeza mwendo kidogo kidogo. Na kabla hujanunua raba, kaa na mwenzako mpatane ni nani atakayechota maji.