Kesho Ocean Road

Wadau, samahani kwa ukimya. Kesho saa kumi na moja alfajiri natoka na mama hapa Mbezi Beach, kukwepa foleni ya Barabara ya Bagamoyo, kuwahi Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ni kipimo chake cha kila miezi sita. Matibabu ya saratani ya matiti alimaliza mwaka 2023 na anaendelea vizuri, lakini wiki ya kipimo akikohoa tu nashtuka.

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali, ila hili nilikuwa nalikwepa. Jana usiku nikamwuliza: "Mama, unaogopa?"

"Sana, mwanangu. Nilikuwa nakuficha."

Tukacheka. Tukaandika pamoja maswali ya kumwuliza daktari. Nikapata usingizi.

Tuombeeni.